Uthabiti wa Kusimama na Uthabiti wa Kurejea

Watu husifu uthabiti kama fadhila moja, na jina lake moja huwadanganya wengi wakadhani kwamba maana yake pia ni moja. Mtu akisema kwamba fulani ni thabiti, yamkini ana maana kwamba fulani hatikisiki: upepo hauwezi kumwondoa mahali pake. Lakini yamkini pia ana maana nyingine, kwamba fulani hutikisika kama watu wengine, walakini akiisha kutikisika hurejea palepale alipokuwa, wala hapana haja ya kwenda kumtafuta. Maana ya kwanza ni uthabiti wa kusimama. Ya pili ni uthabiti wa kurejea. Swali nitakalolichungua katika insha hii ni hili: kati ya hizo mbili, ni ipi istahiliyo kuchaguliwa, na mchaguaji hujitwika deni gani anapochagua?

Swali kubwa hupimika vyema katika kitu kidogo. Kwa hiyo nitalipima katika gitaa la umeme, na hasa katika sehemu yake moja iitwayo daraja. Kila anunuaye gitaa hilo hukabiliwa na uchaguzi: achukue daraja lisilocheza, au achukue daraja lichezalo, ambalo wauzaji na wapigaji huliita tremolo. Wengi huchagua kwa macho, au kwa bei, au kwa kumwiga mpigaji wanayempenda. Nia yangu ni kuonyesha kwamba uchaguzi huo una hoja ndani yake, na kwamba hoja yenyewe haiishii katika muziki.

Yafaa kwanza tujue kazi ya daraja. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita za chuma. Kila uzi umefungwa upande mmoja katika kigingi kilichoko kichwani, hupita katika kipande kidogo chenye mifuo mwanzoni mwa shingo, na huishia upande wa pili katika daraja lililo juu ya kiwiliwili. Uzi ukivutwa zaidi, sauti yake hupanda; ukilegezwa, hushuka. Nyuzi sita za unene wa kawaida, zikiisha kulinganishwa, huvuta kwa nguvu ambayo kwa jumla hupita uzito wa kilo 40. Mzigo huo haupumziki mchana wala usiku, gitaa likipigwa au likitundikwa ukutani, na daraja ndilo lililopewa kazi ya kuuhimili.

Daraja lisilocheza huuhimili kwa kukazwa. Limefungwa kwa skurubu katika ubao, wala halina pa kwenda. Mfano wake mashuhuri ni gitaa alilolitoa Leo Fender huko California mwaka 1950, ambalo tangu mwaka 1951 limejulikana kwa jina la Telecaster: nyuzi zake huingia kwa nyuma ya kiwiliwili, hupenya ubao, na kutokeza darajani. Daraja lichezalo huuhimili mzigo uleule kwa njia nyingine kabisa. Ukingo wake mmoja umeegemezwa ili liweze kuinama na kuinuka, na nyuma yake, ndani ya tundu lililochongwa katika ubao, mna springi zilivutazo kinyume cha nyuzi. Nyuzi zavuta huku, springi zavuta kule, na daraja limetulia katikati kama mizani iliyosawazika. Limechomekwa mkono mwembamba wa chuma. Mpigaji akiukandamiza mkono huo, nyuzi zote sita hulegea na sauti zake hushuka pamoja. Akiuachia, springi hulirudisha daraja, na sauti hupanda mpaka zilikotoka. Hivyo ndivyo lilivyo daraja la Stratocaster, gitaa ambalo Fender huyohuyo alilitoa mwaka 1954.

Hapa pana jambo la jina lisilofaa kupitwa bila kutajwa. Katika lugha ya wanamuziki, tremolo ni kutetema kwa nguvu ya sauti; kutetema kwa kimo cha sauti huitwa vibrato. Mkono ule hubadili kimo, haubadili nguvu; kwa hiyo jina lake la haki lilikuwa vibrato. Fender aliuita tremolo, na ulimwengu ukamfuata mpaka leo. Kosa hili si la kuchekelea tu, kwa sababu jina lililokosewa huficha kitu kilichowekwa rehani. Nguvu ya sauti ikipungua kidogo, wimbo ungali wimbo. Kimo kikipotea, wimbo umeharibika. Achukuaye daraja lichezalo hakuweka rehani pambo la muziki, bali ameweka rehani ukweli wake.

Historia ya kifaa hiki yathibitisha neno hili. Mmarekani mmoja, Doc Kauffman, aliomba hati ya uvumbuzi wa mkono wa namna hii mwaka 1929, akaipata mwaka 1932. Kuzitikisa nyuzi hakukuwa shida. Shida ilikuwa kwamba, zikiisha kutikiswa, hazikurudi barabara. Mpigaji Merle Travis alikuwa na gitaa lenye kifaa cha Kauffman, na kwa kuwa halikudumu katika sauti zake alimwendea fundi Paul Bigsby amtengenezee. Bigsby aliona heri aunde kifaa kipya, nacho kikaenea kwa jina lake. Fender alipofika mwaka 1954, akili yake ilikuwa kulifanya daraja zima liende pamoja na nyuzi, ili nyuzi zisisuguane nalo ziendapo na zirudipo. Baada yake alitokea Floyd Rose, aliyepata hati yake mwaka 1979. Huyu alizibana nyuzi kwa vibano vya chuma katika ncha zote mbili, mwanzoni mwa shingo na darajani, zisiweze kuteleza hata kidogo. Tangu mwaka 1929 hata 1979 ni miaka 50. Miaka yote hiyo mafundi hawakuhangaika kutafuta jinsi ya kuondoka. Walihangaika kutafuta jinsi ya kurudi.

Fundisho la Floyd Rose lastahili kutazamwa tena. Watu hudhani kwamba atakaye kwenda mbali sharti alegezwe vifungo. Yeye alifanya kinyume. Mpigaji wa daraja lake aweza kuzilegeza nyuzi hata zikaning'inia kama kamba zilizochoka, kisha akaziachia zikarudi katika sauti zake. Na aweza hivyo kwa sababu nyuzi zimebanwa kuliko zilivyobanwa katika gitaa lolote la kale. Gharama yake ni dhahiri. Kubadili uzi mmoja, kazi ambayo katika gitaa la daraja lisilocheza ni ya dakika chache, katika hili hudai ufunguo, subira, na mahali pa kukaa. Uhuru wake ulinunuliwa kwa kifungo, na anayeutaka uhuru huo bila ya kifungo chake anataka mali bila ya kulipa.

Sasa tuyapime madaraja haya mawili kwa haki. Sifa ya kwanza ya daraja lisilocheza ni kwamba kila uzi una mashaka yake peke yake. Mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mitano hubaki karibu kabisa na pale ilipokuwa, na mpigaji mwenye busara aweza kuumaliza wimbo. Katika daraja lichezalo mambo si hivyo. Uzi mmoja ukikatika, mvuto wa upande wake hupungua, springi hushinda, daraja huvutwa nyuma, na nyuzi tano zilizosalia, ambazo hazikutenda kosa lolote, hupanda zote na kuwa za uongo. Hata bila ya kukatika, mpigaji akiusukuma uzi mmoja kwa kidole ili kuupandisha sauti, daraja huinama kidogo kuufuata, na nyuzi nyingine hushuka. Akitaka kushusha uzi mnene wa mwisho kwa ajili ya wimbo mmoja tu, lazima azilinganishe tena zote sita, na kila alinganishapo mmoja huwatibua wenziwe. Huo ni ujamaa mkali: hakuna neno la mmoja lisilokuwa la wote.

Yafaa pia tuondoe dhana kwamba daraja lisilocheza ni kitu kigumu kisicho na uhai. Mpigaji wa daraja hilo hupinda sauti daima, lakini hupinda kwa kidole chake, juu ya uzi autakao na kwa kiasi akitakacho. Aweza kuupinda mmoja na kuushikilia wa pili usitikisike, na uzuri wa sauti hizo hutokana na kwamba mmoja umesafiri na mwingine umekaa kumngojea. Jambo hilo katika daraja lielealo ni gumu sana, kwa kuwa anayengojea naye huvutwa mahali pake. Basi uthabiti wa kusimama haukukataza mwendo. Umekataza jambo moja tu, kwamba msingi wenyewe usisafiri.

Lakini daraja lichezalo nalo lina haki yake, na haki hiyo si ndogo. Sauti ya binadamu haipandi ngazi kwa ngazi. Huteleza, huanguka, hutetema, hulia. Kidole peke yake kinaweza kupandisha uzi, lakini ni shida kuushusha chini ya kimo chake. Na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuzipinda nyuzi sita kwa pamoja zikawaya kama maji ya ziwa. Tarehe 18 Agosti 1969, katika tamasha la Woodstock lililofanyika jimbo la New York, Jimi Hendrix aliupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa Stratocaster yake. Aliuacha uanguke, ukalia, ukapiga mayowe, na wasikilizaji wengi wakasikia ndani yake mabomu ya vita vya Vietnam, vilivyokuwa vikiendelea wakati ule. Kisha aliurudisha, na wimbo ukatambulikana tena kuwa wimbo uleule. Lau angeuharibu tu asiurudishe, ingekuwa kelele. Lau angeupiga pasipo kuuharibu, ingekuwa heshima ya desturi. Maana yake yote ilikaa katika kwenda na kurudi. Hendrix alijulikana pia kwa kuzilinganisha nyuzi zake mara kwa mara jukwaani, mbele ya macho ya watu. Hakuona aibu kulipa deni la chombo alichokichagua.

Wapo waliolichukua daraja lichezalo kisha wakalifunga. Eric Clapton, aliyepiga Stratocaster kwa miaka mingi, alilibana daraja lake kwa kipande cha mti lisiweze kucheza. Mtu mwepesi wa kucheka atauliza: kwa nini anunue mlango kisha aupigilie misumari? Mimi naona jibu lipo. Alilipenda gitaa lile kwa sauti yake na kwa jinsi likaavyo mkononi. Mkono wa chuma hakuuhitaji. Basi aliitoa sadaka fursa asiyoitumia ili alinde kitu alichokitumia kila siku. Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Yeye hakungoja kuponyokwa. Aliiachia moja kwa hiari yake.

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Atasema mtu: hili ni jambo la chuma na mbao, nalo halina wema wala uovu; kila mtu achague apendavyo. Neno hilo lina ukweli kwa mtu apigaye peke yake chumbani. Lakini muziki kwa kawaida ni kazi ya watu wengi. Yupo mpigaji wa gitaa la pili, yupo wa besi, yupo mwimbaji ambaye sauti yake haina kigingi cha kukaza, naye hutafuta kimo katika vyombo vilivyo nyuma yake. Hao wote wamemwamini mpigaji kwamba noti atakayoirejea itakuwapo mahali pake. Ahadi ni deni, na kimo cha sauti ni ahadi. Kwa hiyo uchaguzi wa daraja, mara mtu aingiapo katika kundi, umekwisha kuwa uchaguzi wa namna atakavyotimiza ahadi: kwa kutoondoka kamwe, au kwa kurudi kila aondokapo.

Kila njia ina upotovu wake, na pande zote mbili upotovu hujivika jina zuri. Yuko achaguaye daraja lichezalo kwa ajili ya kuonekana. Amewaona mashujaa wakiutikisa mkono wa chuma, naye ataka autikise. Lakini hataki kulainisha mifuo kwa unga wa risasi ya kalamu, hataki kuzivuta nyuzi mpya mpaka zizoee, hataki kuzisawazisha springi. Aondokapo harudi, na wenziwe wakilalamika husema kwamba hawajui uhuru. Uhuru wake ni karamu ambayo wengine ndio hulipa. Yuko pia achaguaye daraja lisilocheza kwa kuogopa. Hakupima ni nini muziki wake unataka. Aliogopa tu kutoka mahali alipo, kisha akaiita hofu yake msimamo, na kila atikisikaye akamwona kuwa ni mtu asiye na misingi. Wa kwanza ameiba jina la uhuru na wa pili ameiba jina la uthabiti. Daraja lenyewe halina hatia katika wizi wa yeyote kati yao.

Mafundi wa gitaa wanalijua jambo jingine ambalo mtazamaji wa maisha ya watu angefaidika nalo. Gitaa la daraja lichezalo likikosa kurudi, mara nyingi sababu si ukubwa wa mtikiso. Sababu ni msuguano mdogo mahali pasipoonekana: mfuo uliokwaruzika mwanzoni mwa shingo, uzi uliozungushwa vibaya katika kigingi, ukingo wa daraja uliolika. Uzi huenda vizuri, lakini katika kurudi hunaswa upana wa unywele, na upana huo watosha kuiharibu sauti. Nadhani ndivyo walivyo watu wengi walioondoka katika ahadi zao wasirudi. Hawakushindwa na umbali wa safari. Walinaswa njiani na jambo dogo, kiburi kidogo au haya ndogo, ambalo hakuna aliyelichunguza wakati lilipokuwa rahisi kulainishwa.

Tena, arejeaye sharti ajue anarejea wapi. Gitaa laweza kulinganishwa uzi kwa uzi likapatana lenyewe kwa lenyewe, na hata hivyo likawa chini ya vyombo vyote vingine. Kwa sababu hiyo wanamuziki walikubaliana kipimo kilicho nje ya kila chombo, yaani noti moja ya mitikisiko 440 kwa sekunde, ili hata sikio lililozoea kosa lipate wa kulihukumu. Hapa ndipo mfano wangu unapofika mpaka wake. Springi hurudisha daraja bila ya kujua lirudipo. Mwanadamu hana springi ya namna hiyo. Yeye ni chombo, na yeye ndiye mpigaji, na kama hana kipimo nje ya nafsi yake atasema amerudi hali angali mbali.

Hukumu yangu basi ni hii. Uthabiti wa kusimama na uthabiti wa kurejea ni fadhila mbili, wala hakuna iliyo mtumwa wa mwenziwe. Lakini hazina gharama sawa. Kusimama hulipiwa mara moja, siku ya kukazwa. Kurejea hulipiwa kila siku. Kwa hiyo mwenye gitaa moja tu, ambaye bado hajajua muziki wake unataka nini, namshauri aanze na daraja lisilocheza, au alizibe lichezalo kwa kipande cha mti, kama afanyavyo aliye mkubwa kuliko yeye. Kipande hicho huweza kuondolewa siku atakaposikia ndani ya wimbo mahali ambapo pasipo kuanguka pana uongo. Siku hiyo na aliache daraja licheze, tena asiogope. Ila akubali pamoja nalo kazi ya kila siku ambayo haina wa kuipigia makofi.

Na akutanapo na mpigaji wa daraja jingine, asimwulize aweza kwenda umbali gani, wala asimsifu kwa kutokwenda popote. Amwulize swali ambalo mwimbaji, aliyesimama mbele na mgongo wake umewaelekea wapigaji, angependa kuliuliza kama angepata nafasi: noti ile tuliyokubaliana, nitakapoihitaji, nitaikuta mahali pake?